Maisha ya Milcah Muhonja na Samaki Aliyepewa Jina Lake

Mchungaji, wazee wa ukoo, chifu na naibu wake, wageni mliosafiri kutoka pwani, majirani wa Matungu, na nyote mliopata viti na mliokubali kukalia magunia ya mbolea, familia ya Bwana Nehemiah Osundwa inawashukuru kwa kufika leo, Jumamosi tarehe 27 Juni 1987, na inaomba masikio yenu kwa muda usio mfupi, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza historia yake isomwe nzima, pamoja na yale ambayo sisi tulitaka kuyaruka, na hatuna ubavu wa kumbishia mtu ambaye hata alipokuwa hai hakuna aliyembishia akashinda.

Marehemu Milcah Muhonja alizaliwa tarehe 12 Februari 1936 huko Isukha, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Shikanga, mpasua mbao, na jina la Muhonja alilirithi kwa nyanya yake mzaa baba, aliyekuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Kwa faida ya wageni wa pwani, na tutaomba mlishike hili kwa sababu historia nzima imesimama juu yake, kwetu mtoto mchanga haitwi jina la mtu aliye hai, bali akina mama humshika akiwa analia, wakamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, na likifikiwa lililo lake hunyamaza, na likikosekana hulia mpaka nyumba nzima ikose raha. Muhonja, tunavyoambiwa, alinyamaza kwa jina la kwanza kabisa, akawatazama wale akina mama mmoja mmoja, nao wakaona aibu wenyewe bila kujua kwa nini.

Alianza shule Januari 1944, akasoma vizuri hadi darasa la sita, na hesabu zilimpenda, lakini tarehe 3 Oktoba 1951 mama yao alifariki katika uzazi, akaacha nyuma Muhonja mwenye umri wa miaka kumi na mitano na mdogo wake Jael Navalayo mwenye umri wa miaka minane, na kuanzia wiki ile Muhonja hakuonekana tena darasani. Mwalimu alipofika nyumbani kumsihi arudi, alimkuta akisonga ugali, naye akamjibu bila kuacha mwiko, “Mwalimu, mimi nimemaliza. Huyu mdogo ndiye ataenda, na mimi nitamsukuma mpaka pahali njia itaishia.” Alimsukuma kweli, na ikumbukwe kwamba Navalayo aliogopa maji kuliko mtoto yeyote wa Isukha, kila asubuhi akivushwa mto Isiukhu mgongoni mwa dadake akiwa amefumba macho na kupiga kelele, yeye huyu ambaye leo tunamwita Daktari wa samaki, na ambaye ameketi pale mbele na anaweza kukana kama tunasema uongo.

Tarehe 17 Desemba 1955 marehemu alifunga ndoa na Bwana Nehemiah Osundwa wa hapa Matungu, ambaye husimulia kwamba alimchagua kati ya wasichana wengi wa kwaya, ingawa walioshuhudia wanasema ni yeye aliyechaguliwa na hakujulishwa mpaka mambo yalipoiva. Bibi harusi alifika hapa akimshika Navalayo mkono, na mama mkwe wake, Mama Pascalia, aliyekuwa amejiandaa kumpokea msichana mmoja akaletewa wawili, aliwatazama, akachinja ingokho, yaani kuku, wa pili, na tangu siku hiyo hakuna aliyesikia akiuliza mdogo ataondoka lini. Navalayo aliondoka kwa sababu ya masomo tu, kwanza shule ya bweni, kisha chuo kikuu huko Kampala, kisha ng'ambo, na aliporudi mwaka 1971 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa samaki huko pwani, ambapo yupo hadi leo.

Bwana na Bibi Osundwa walijaaliwa watoto watano, wanne wakiwa hai, na kifungua mimba wao, Musimbi, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1956, ndiye aliyewafundisha wote adabu, kwa maana alilia kuanzia alfajiri hadi jua la utosi huku Mama Pascalia akimpitishia majina ya upande wa baba, yakaisha, akaanza ya upande wa mama, na alipotamka Musimbi, jina la mama yao akina Muhonja, mtoto alinyamaza kama taa iliyozimwa, na Muhonja akalia badala yake.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mkulima, na miwa ilipoingia hapa mwaka 1973, wakati kila mtu alikuwa aking'oa mahindi hata ya mlangoni ili kampuni ya sukari imlimie, mkataba uliandikwa kwa jina la mumewe lakini miwa ilimjua yeye. Aliongoza kikundi cha akina mama cha kupalilia, aliwapikia wakataji, alijua kwa harufu ya moshi wa kiwanda kama kesho kutakuwa na lori, na alipenda maisha yale mapya kwa moyo wake wote, isipokuwa jambo moja, kwamba miwa ilipokomaa ilisimama kuizunguka nyumba pande zote nne, ikapita paa, ikala upepo, na mwanga ukawa unafika uani kwa kuchujwa, rangi ya majani, hata saa sita mchana. Alisema mara nyingi, akicheka, “Siku hizi tunaishi chini.” Tulicheka naye.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilitaka kuparuka.

Mwezi Agosti 1976, Dkt. Navalayo na wenzake, wengine wao wakiwa hapa leo, walikwenda kwa meli ya utafiti hadi pale mwamba wa matumbawe unapokatika na kuteremka wima gizani, wakashusha madema na kamba za ndoana hadi kina cha mita mia moja na thelathini, mahali ambapo mpiga mbizi wa kawaida hafiki, na kutoka huko wakapandisha samaki wa urefu wa kidole, wekundu sana, wenye mstari wa manjano kupita jichoni, ambao hakuna mmoja wao aliyewahi kuwaona. Walifika juu macho yamewatoka na matumbo yamesukumwa hadi midomoni, kwa sababu mwili uliozoea kubanwa na maji yote yale hauwezi wepesi wa huku juu, na ilibidi wachorwe papo hapo kwa haraka, maana wekundu wao ulianza kuondoka wakiwa bado wanapumua.

Desemba ya mwaka huo alikuja likizo, na akiwa anakula obusuma, ugali wetu, na familia alieleza jinsi kazi ile inavyokwenda, kwamba samaki huhesabiwa miiba ya pezi la mgongoni, huhesabiwa magamba, hupimwa kichwa na mkia, hulinganishwa na kila samaki aliyewahi kuandikwa duniani, na ikionekana hakuna wa kufanana naye, mmoja huchaguliwa kuwa ndiye mwenye jina, hutiwa katika chupa ya spiriti, na jina hukaa na huyo mmoja, ndani ya chupa hiyo, kwa niaba ya wenzake wote walio baharini. Mama Pascalia aliuliza ni nani humwita, akaambiwa ni yule aliyemwandika, akauliza tena, “Na akiitwa hunyamaza?” na meza nzima ikacheka, akiwemo marehemu. Jina lenyewe Navalayo hakulitaja. Lilikuwa zawadi, na alitaka zawadi yake ifike ikiwa imefungwa.

Tarehe 14 Machi 1977, siku ya Jumatatu, Muhonja alikuwa akipalilia miwa michanga nyuma ya nyumba, na mchana Bwana Osundwa alitoka kumwita kwa sababu wageni wa kanisa walikuwa wamefika, akamwona mgongo, akaita, “Muhonja!” naye hakugeuka, akaita tena kwa sauti iliyowatoa wageni nje, bado akaendelea kupalilia, mpaka alipomgusa bega ndipo akashtuka na kuuliza, “Ulikuwa unaita nani?” Akaambiwa ni yeye. Akasema alisikia kweli mtu akiitwa, lakini wito ulipita chini ya miguu yake ukaenda kwa mwenyewe.

Wiki kadhaa baadaye jarida la wataalamu wa samaki lilifika kwa posta, lina mchoro mzuri sana, na chini ya mchoro jina la kisayansi ambalo nusu yake ya pili ni Muhonja, pamoja na maneno ya Navalayo kwamba samaki huyu amepewa jina la dada aliyemlea na kumsomesha. Limechapishwa tarehe 14 Machi 1977. Muhonja alifurahi kupita kiasi, akalionyesha kanisani, akaubandika ule mchoro ukutani juu ya redio, na Mama Pascalia alipoingia akaelezwa kilichoandikwa, aliuondoa ukutani kwa mikono yake, akaketi, akasema maneno ambayo wote waliokuwepo wanayakumbuka: “Huyu dada yako amekuhesabu na wale wametuacha. Mwambie arudishe hilo jina, tena haraka.”

Hakuna aliyemsikiliza, na yaliyofuata mnayajua kwa vipande, hebu leo myasikie yakiwa pamoja. Marehemu alianza kusikia baridi mchana wa jua kali, akavaa sweta mbili kupalilia, masikio yakaziba kana kwamba kuna mtu ameyabana kwa viganja, na hospitalini yakachunguzwa yakaonekana hayana lolote. Akiitwa Mama Musimbi aliitika, akiitwa Milcah aliitika kwa adabu kama mgeni, akiitwa Muhonja hakugeuka, na haikuwa kiburi, tulimjaribu tukiwa nyuma yake, mbele yake, na akiwa usingizini. Kisha akaanza kugombana na wauza nyanya sokoni, akiwauliza kwa nini wanauzia watu nyanya nyeusi, na mwezi Mei 1978 alikwenda kwenye mazishi ya jirani yetu akiwa amevaa gauni jekundu la Krismasi, kitambaa chekundu, mkanda mwekundu, akakaa na wafiwa akilia kwa dhati, na watu walipomcheka hakuelewa, kwa maana kwa macho yake alikuwa amevaa nyeusi tupu. Familia ya jirani huyo ipo hapa, na inaombwa radhi kwa mara nyingine.

Dkt. Navalayo alipopata habari alisema ni neva, akaleta vidonge, na Desemba 1978 akaja mwenyewe, na katika mazungumzo jikoni marehemu akamwambia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani, kwamba kule kuna ukuta wa mawe, na kwenye ukuta kuna mahali palipojitokeza kama kipaa, na wale wadogo hukaa chini ya kipaa hicho wakiwa wamepinduka, tumbo juu, mgongo chini, kwa sababu kwao dari ndiyo sakafu, na kwamba yule wa jina lake hayupo tena nao, mahali pake pako wazi na hakuna anayepaingia. Navalayo alicheka, akamwambia samaki hawakai hivyo. Alieleza pia, alipoulizwa kuhusu nyanya, kwamba katika kina kile wekundu wa jua haufiki, na kitu chekundu huko chini huonekana cheusi, na alipokwisha kulisema hilo kwa mdomo wake mwenyewe akaacha kucheka, na kesho yake akarudi pwani.

Mwaka 1979 ilikuja meli yenye kamera ya kushushwa kwa kamba, na picha zilipooshwa zilionyesha ukuta, na kipaa, na samaki wadogo wekundu wamepinduka chini yake, tumbo juu, kwa safu, na katikati ya safu nafasi ya samaki mmoja. Navalayo ametuambia kwamba aliitazama picha ile mpaka ofisi ikafungwa, na kwamba woga wake wa utotoni wa mto Isiukhu ulimrudia wote siku hiyo, mzima mzima.

Kilichokuwa hatarini Mama Pascalia alikisema wazi mbele ya mwanawe, na tunakirudia kwa sababu ndicho kilichomsumbua marehemu kuliko baridi na masikio. Alisema mtu akifa hali jina lake haliko naye, wajukuu hawawezi kuitwa kwa jina hilo, maana, kwa maneno yake, “Tutakuwa tunashika mtoto, tunaita Muhonja, na kile kitakuja ni kile cha bahari.” Muhonja, aliyeacha shule ili mwingine asome, aliyelea mtoto wa mama yake na watoto wa tumbo lake, angezikwa na asirudi kwa mtu yeyote.

Navalayo alijaribu kurudisha jina, na hapa wataalamu waliopo watatusahihisha tukikosea, lakini sheria ya kazi yao ni kwamba jina likishachapishwa haliondolewi, hata na aliyelitoa, hata akijuta, hata akilia. Njia ni moja tu, kuthibitisha kwamba samaki yule alikuwa amekwisha kuandikwa na mtu mwingine zamani kwa jina lingine, na hapo lile la kale huchukua nafasi na la baadaye hufa. Ndivyo mtaalamu huyu, ambaye alijulikana katika nchi za watu kwa samaki yule mmoja kuliko kwa kazi zake zote, alianza kutafuta kwa bidii ushahidi kwamba hakugundua kitu.

Mwaka 1980 alisafiri hadi Ulaya, katika ghala za makumbusho ambako samaki wa karne iliyopita wamesimama katika chupa rafu kwa rafu, wote weupe, wote wameelekeza macho upande mmoja, na baada ya kutafuta sana akapata chupa ya samaki kutoka bahari ya mbali, aliyeandikwa kwa mistari minne tu na mtu aliyekufa zamani, wa urefu ule ule, umbo lile lile, na rangi hakuna wa kuijua kwa kuwa ilikwisha kwisha. Aliandika kwamba huyo na wake ni mmoja. Makala yalichapishwa tarehe 23 Novemba 1981, jina la Muhonja likafa katika vitabu, na wenzake wakasikitika kwamba mwanamke mwangalifu namna ile alikuwa amefanya haraka ya kitoto, na hakupelekwa tena kwenye mikutano mikubwa kama zamani.

Siku hiyo hiyo, tarehe 23 Novemba, na habari zilikuwa hazijafika hapa wala hakuna aliyezingoja, Bwana Osundwa alikuwa uani akipakia mbolea, akaita kwa mazoea tu, jinsi mtu anavyoita akijua hataitikwa, “Muhonja, leta kamba!” na kutoka jikoni ikatoka sauti, “Nakuja!” Aliangusha gunia. Mama Pascalia alitoka nje bila viatu. Jioni ile marehemu alikata nyanya, akaitazama, akawaita watoto waje waone jinsi ilivyo nyekundu, na sisi tuliokuwepo hatujawahi kula mboga tukiwa na furaha kiasi kile, wala hatutakula tena.

Tulidhani yameisha, na kwa macho ya watu yaliisha, maana alirudi kwenye kwaya, akakiongoza kikundi chake, akamwoza Musimbi mwaka 1983. Lakini kuanzia mapema mwaka 1982, wakati wa mchana miwa ikiwa imetulia bila upepo, marehemu alianza kuacha chungu motoni na kuingia katikati ya mistari, akisema kuna mtoto mchanga analia humo. Mara mbili majirani waliitwa kutafuta, wakidhani kuna msichana ametupa mtoto, na mwaka 1984 shamba lilipokatwa lote aliwasimamia wakataji hatua kwa hatua mpaka nyapara wao akamwambia, “Mama, sisi tumekuja kukata miwa, hatukukujanga kutafuta watoto wa wenyewe.” Ilikatwa, ikachomwa takataka, ardhi ikabaki wazi hadi barabarani, hakukuwa na kitu, na yeye akasimama katikati ya majivu akiwa ameinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, “Bado. Kumbe iko chini zaidi.” Tangu hapo hakulizungumzia tena, tukaamini kilio kimeondoka.

Alianza kuugua waziwazi Januari 1987, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na katika hospitali ya Kakamega madaktari walieleza kwamba moyo umepanuka na maji yameingia mapafuni, wakayatoa, yakarudi, wakayatoa tena. Maneno yanayozungushwa sokoni kwamba maji yale yalikuwa ya chumvi familia inayakanusha, kwa sababu hakuna aliyeyaonja.

Tarehe 30 Mei Navalayo alifika hospitalini, na mbele ya Bwana Osundwa marehemu akamwuliza swali alilokuwa amelibeba kwa miaka mingi, “Jael, nieleze ukweli. Yule wa kwenye chupa ya Wazungu ndiye huyu wetu?” Na Navalayo, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani, akasema hapana. Yule wa Ulaya ana miiba tisa mgongoni, wetu ana minane, aliihesabu mwenyewe mara nyingi akitumaini itabadilika, kisha akaandika minane kwa wote wawili, kwa sababu alitaka dada yake amwitikie. Marehemu hakukasirika. Alisema alijua, kwa sababu mtoto aliyeitwa jina la mtu mwingine ndivyo anavyolia, na kwamba yule wa chini amekuwa akilia tangu aliponyang'anywa lake na kuvishwa la mgeni, na yeye alinyamaza kwa kuwa hakutaka kuharibu zawadi ya pili kama ya kwanza ilivyoharibika.

Navalayo alitaka kwenda siku ile ile kuandika ukweli. Marehemu akamshika mkono akasema, na haya ndiyo maneno aliyoagiza yasomwe, “Ngoja kwanza. Nikiwa hapa, jina ni langu na la wajukuu wangu. Nikishaenda, litatosha watu wote. Mpatie, atakuwa amelipata kwa haki, vile watoto wetu hupatanga.” Akauliza ni muda gani huchukua kuchapisha, akaambiwa ni miezi, akasema hiyo ni mingi, basi aitwe kwanza kwa mdomo, kienyeji, halafu vitabu vitafuata.

Marehemu aliaga dunia tarehe 19 Juni 1987, siku ya Ijumaa, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Muuguzi alimwita kwa jina la kwenye faili, Milcah, ili ampe dawa, na yeye akafumbua macho akamsahihisha, “Muhonja,” na hakusema neno lingine. Tumempoteza mama, na tusiseme kwa mafumbo, nyumba hii haina tena mtu wa kuishikilia, na Bwana Osundwa, mzee mzima, ameonekana akiita jikoni na kungoja.

Ametuachia mume, watoto wanne, mama mkwe ambaye hakutegemea kumzika, wajukuu watatu na mmoja anayetarajiwa, na mdogo wake Navalayo, aliyetamka mbele ya wazee jana kwamba atayaandika yote haya na kuyapeleka kwenye jarida, naye anajua yatamgharimu kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Kakamega kwa subira yao, kikundi cha akina mama cha kupalilia kwa kuni na maji, wakataji walioacha kazi ili kuchimba kaburi, dereva wa trekta aliyelibeba jeneza pale gari la maiti liliponasa matopeni, kanisa na kwaya, na ninyi wataalamu mliotoka pwani, ambao mmesikia leo kwamba kitu mlichokiamini kwa miaka sita si kweli, na hamkuinuka mkaondoka. Wageni waliofika tangu Jumatano na kutuuliza kwa upole ni mtoto wa nani anayelia ndani ya miwa nyuma ya hema, nasi tukawajibu kwamba tutaangalia, tunaomba radhi kwa jibu lile, hakuna mtoto huko, na mtusaidie kuvumilia kidogo tu.

Kaburi litakapokwisha kufunikwa, Mama Pascalia atasogezwa pale ambapo miwa inaanza, aelekee huko, na ataita jina mara moja. Tunajua kwamba miongoni mwenu wamo akina Muhonja wengine, wa Isukha na wa hapa, na tunawasihi sana, kwa jina la Mungu, mtakaposikia mkiitwa, msiitike. Tukae kimya sote mpaka kilio kikome.

Na wewe Mama Muhonja, umefanya kazi ya kutosha, lala sasa upumzike. Tutakapoita, usigeuke, yupo wa kuitika.